Siku moja na mkoba wangu wa tiba shufaa, Muheza

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai napanga mkoba: chupa za mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, mabomba ya kupimia dozi, bisakodili ya kulainisha choo, glavu, pamba. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Naenda kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi tena, nawatuliza maumivu, nakaa na watu wao.

Saa 2 asubuhi. Bodaboda, njia ya Amani. Mvua ya usiku imeacha utelezi, kipande cha mwisho napanda kwa miguu.

Saa 3. Mzee ana saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Jana sikulala."

Naitazama chupa. Karibu imejaa, na niliiacha siku nne zilizopita. Bintiye ananivuta jikoni, anakaa juu ya mbuzi ya nazi, anaongea chini chini: "Sista, tumesikia hiyo ndiyo dawa ya kuagia."

Hofu hii naikuta nyumba nyingi, na inaniuma, kwa sababu mgonjwa analia huku dawa iko kabatini. Namweleza: mofini ikipimwa sawasawa haimharakishi mtu kufa. Nachora mstari wa wino kwenye bomba, mililita 5. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni. Ya saa 4 usiku anapewa dozi mbili kwa pamoja, asiamshwe saa 8 usiku. Na bisakodili kila usiku, maana mofini hufunga choo. Anajaribu kuvuta mwenyewe, mkono unatetemeka. Mara ya tatu anaipata.

Saa 5. Dawa imeshika, uso wa mzee umelegea. Sasa ndiyo tunaweza kuzungumza. Mtu mwenye maumivu makali humwulizi mambo makubwa. Simu ya kaka mkubwa, aliye Dar, imewekwa mkekani kwa sauti ya juu. Anataka baba arudishwe hospitali kubwa.

"Kwanza tumuulize mwenyewe," nasema.

Mama mwenye nyumba anashtuka. "Sista, usitutilie uchuro!"

Nanyamaza. Mzee ndiye anayejibu.

"Hakuna uchuro, mke wangu. Najua hali yangu. Safari sitaki tena. Kitanda kisogezwe barazani, nione wapitao. Na nina deni la elfu sitini dukani. Msinizike nalo."

Simuni kaka analia. Wote tunamngoja amalize.

Mzee angependa shamba alipate binti huyu anayemuuguza. Mwalimu wa madrasa, jirani yao, anafafanua taratibu: deni hutangulia, wasia usizidi theluthi, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Basi kaka anaulizwa palepale, na wadogo zake wawili waliopo, na mama yao. Wanaridhia. Mwalimu anaandika, mzee anaweka dole gumba, mashahidi wanatia sahihi. Mkutano huu ukifanyika matangani, baba hayupo tena kusema alichotaka, ugomvi wake nimeuona mara nyingi.

Saa 9 alasiri. Mama wa watoto watatu, saratani ya mlango wa kizazi. Wajomba wameshaanza kupanga nani achukue yupi. Yeye ananishika mkono: "Wasitenganishwe. Wakae wote kwa mdogo wangu." Namuomba ayarudie maneno hayo mbele ya wajomba. Anayarudia, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Mdogo wake anaitikia, "Nimesikia, dada."

Saa 12 jioni. Najaza daftari la mofini, kila mililita iliyotoka.

Saa 4 na nusu usiku. Simu ya binti: "Nimempa dozi mbili kama ulivyosema, amelala. Mwenye duka alikuja jioni. Kachukua elfu thelathini, nyingine kasamehe. Wamekaa barazani mpaka isha."