Uzito wa Gramu 750

Nilipohitimu chuo huko Ohio, Marekani, mwezi wa Mei 2013, nilirudisha stoo koti jeupe, kofia ya waya na vitara viwili, nikatia sahihi daftarini, nikadhani nimemalizana na mchezo wa vitara. Kwa miaka minne kila kitu kilikuwa cha chuo: kocha, basi la kwendea mashindano, hata soksi ndefu. Sikuwahi kununua skrubu hata moja.

Upweke wa Columbus, nilikoanza kazi ya uhasibu, ndio ulionirudisha. Novemba ya mwaka ule nilinunua vitara viwili vya mtumba vya aina ya epe, ambayo mchezaji huruhusiwa kumgusa mwenzake popote mwilini, tangu kofia hadi unyayo, nikajiandikisha katika shindano dogo la Jumamosi kwenye ukumbi wa shule. Nilikuwa na miaka 23, na mpinzani wangu wa kwanza alikuwa mvulana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika.

Kabla ya pambano la epe, mwamuzi husimamisha kitara wima na kuweka juu ya ncha yake uzito wa gramu 750. Springi iliyomo ndani ya ncha sharti iuinue uzito huo. Ikishindwa, taa ya mashine inayoonesha miguso hubaki ikiwaka, na kitara hicho hakifai, kwa sababu hata mguso hafifu ungehesabiwa. Taa yangu iliwaka na haikuzimika. Nikaoneshwa kadi ya njano mbele ya wazazi walioshika vikombe vyao vya kahawa, nikachukua kitara cha akiba, na mvulana yule akanishinda 5 kwa 2. Sikilaumu kitara; mtoto alikuwa na mkono mwepesi, nami nilikuwa nimekaa miezi sita bila mazoezi.

Nilipotolewa, nilikipeleka kitara kibovu kwenye meza ya fundi, mzee aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso.

"Umecheza miaka minne na hujawahi kufungua ncha?" aliniuliza.

"Chuoni palikuwa na mtu wa kazi hiyo."

"Hapa mtu huyo ni mimi, na skrubu hizi siku hizi sizioni. Kaa."

Skrubu za ncha ya epe ni mbili, ndogo kama punje za ulezi, na ya kwanza niliidondosha, tukaitafuta sakafuni kwa sumaku. Mzee alinionesha springi mbili: kubwa inayobeba uzito, ambayo yangu ilikuwa imechoka, na ndogo inayokutanisha umeme. Alinifundisha pia kupitisha kipande cha chuma chenye unene wa nusu milimita chini ya ncha na kuibonyeza. Taa ikiwaka hapo, springi ndogo ni ndefu mno na sharti ifupishwe. Nilikusudia kukaa dakika kumi. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimetengeneza vitara vinne, vidole vyangu vinanuka mafuta, na mzee alikuwa amekwenda kunywa chai bila kuniaga.

Ndipo akaja mvulana aliyenishinda, ameshika epe yake, amebakiza pambano la fainali. Taa yake iliwaka kwenye nusu milimita. Nilifungua ncha, nikaifupisha springi kidogo, nikaweka uzito. Ncha ikauinua, taa ikazimika. Alikinyakua kitara mkononi mwangu na kukimbia, kisha akarudi kuniuliza iwapo Jumamosi ijayo nitakuwepo.

Nilimwambia aje na skrubu za akiba.