Rakuni na pipa la taka: lisimamishe kwanza, kufuli baadaye

Ukihamia Toronto, Chicago au miji mingine mingi ya Amerika Kaskazini, hukawii kumjua rakuni: mnyama wa kijivu, mkia wa pete, alama nyeusi machoni, anayezunguka usiku kutafuta chakula. Ana vidole vitano kila mkono, vyenye hisia kali hata gizani. Hupapasa ukingo wa mfuniko taratibu mpaka apate mwanya.

Wengi hukimbilia kununua kufuli. Lakini pipa likisimama imara, kazi ya rakuni huwa ngumu, kwa hiyo hulipanda na kuning'inia upande mmoja mpaka lidondoke. Likidondoka, uzito wa taka husukuma mfuniko kutoka ndani, na kufuli dhaifu huachia hapo hapo. Ndiyo maana tunasema anza na kulizuia pipa lisianguke.

Liegemeze kwenye uzio au ukuta. Kaza skrubu yenye pete kwenye nguzo ya mbao, kimo sawa na mshikio wa pipa. Kwa pipa la magurudumu la lita 240 ni kama mita moja kutoka chini. Skrubu izame kwenye mbao yenyewe, sentimita 5 hivi. Ikishika ile plastiki ya kufunikia ukuta tu, itang'oka mara moja. Pitisha mnyororo mfupi kwenye mshikio, kisha uunganishe na pete kwa kulabu ya kubana, ili siku ya lori la taka uachie upesi.

Sasa mfuniko. Kamba ya mpira yenye ndoano inafaa, mradi ivutwe kisawasawa: jaribu kuingiza kidole chako chini ya pembe za mbele za mfuniko, na kikipita, cha rakuni pia kitapita. Kwa pipa pana tumia mbili zinazopishana. Kwenye baridi kali mpira hukakamaa ukapasuka, hivyo majira hayo ni bora mkanda wa kufungia mizigo, unaozungushwa pipa zima na kukazwa. Usitoboe pipa la manispaa kwa drili bila kuwauliza. Na pipa lisijazwe hadi mfuniko uinuke, maana hapo umemwachia mlango.

Mapipa ya kijani ya mabaki ya chakula yaliyoanza kugawiwa Toronto mwaka 2016 yana komeo la kuzungusha, linalojifungua lenyewe lori linapolipindua pipa. Ni kifaa kizuri, ila komeo lisipozungushwa hadi mwisho halizuii kitu. Ukiongeza mkanda wako juu yake, uondoe kabla lori halijafika, la sivyo pipa litaachwa na taka zake.

Harufu ndiyo inayomwita, na jikoni kwetu harufu haikosekani. Vichwa vya samaki, utumbo wa dagaa, mifupa ya kuku: vifunge kwa gazeti, tia kwenye mfuko, weka kwenye friza mpaka asubuhi ya kuzoa taka. Hatua hii moja inasaidia kuliko kufuli nyingi. Wakati wa joto sugua pipa kwa maji moto na sabuni kila wiki mbili, hasa kwenye kitako na bawaba, maji ya samaki yanakokaukia. Chakula cha paka au mbwa kisilale nje.

Wapo wanaomwaga amonia ili kumfukuza. Mvua huiosha, na ikikutana na jiki hutoa gesi ya sumu. Tusiitumie.

Pipa litolewe barabarani asubuhi, si jioni. Miji mingi hutaka liwe tayari saa moja, kwa hiyo yatosha kuamka mapema kidogo.

Usimtege ukampeleka mbali: maeneo mengi sheria inakataza, na kati ya Aprili na Juni huenda ni mama mwenye watoto wachanga karibu. Usimguse pia, kwani anaweza kuwa na kichaa cha mbwa.

Ukikuta kinyesi chake, kiondoe upesi. Mara nyingi hurudi kujisaidia mahali pamoja, na kinyesi hicho huweza kuwa na mayai ya minyoo hatari kwa watoto. Mayai huchukua wiki mbili hadi nne kuwa na uwezo wa kuambukiza. Vaa glavu na barakoa, lowesha kwanza kidogo vumbi lisiruke, kisha kichote chote, utie kwenye mfuko na kuufunga. Jiki haiyaui mayai hayo. Mwagia maji yanayochemka.