Kufuli ya mwenye nyumba si amri ya korti

Wapangaji wa maduka na hoteli ndogo hapa Kenya, hii inawahusu. Kafyu ilipoanza Machi 2020, hoteli yangu ya chapati na maharagwe pale Nakuru ilikosa wateja. Kodi ikalala. Mwenye nyumba, ambaye naye alikuwa na mkopo wa benki wa jengo hilo hilo (simlaumu kwa hilo), akanipa wiki moja nitoke, kwa meseji tu.

Mama wa mitumba jirani yangu ndiye aliyeniambia kuhusu Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli. Ukipanga duka au hoteli bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, sheria hiyo inakulinda. Notisi lazima iwe kwenye fomu rasmi, itaje sababu, na ikupe angalau miezi miwili. Usipokubali, unawasilisha malalamiko kwa jopo la kodi za majengo ya biashara kabla muda haujaisha.

Deni lakini lilibaki. Hakuna sheria Kenya iliyosimamisha kodi wakati wa korona, na kutolipa kwa miezi miwili ni sababu halali ya kukutoa. Mimi na mwenye nyumba tukaketi, tukaandika mpango wa kulipa kidogo kidogo, sote tukatia sahihi.

Kinachoniuma ni nyumba za kuishi. Ulinzi wa Sura ya 296, sheria ya kodi za nyumba za kuishi, unaishia kwenye kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Nani analipa hiyo mjini? Wabunge, pandisheni kiwango hicho!