Nilivyoziona seli za kitunguu zikigawanyika

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: bandua utando mwembamba ulio ndani ya gamba la kitunguu, uweke kwenye slaidi, udondoshee iodini, na utaona kila kitu. Nilibandua, na nilichokiona kilipendeza kweli. Seli zilikuwa zimepangana kama matofali ya ukuta uliojengwa na fundi hodari. Kila seli ilikuwa na ukuta wake mnene, na kiini kimesukumwa ukingoni na vakuoli, yaani mfuko wa majimaji, kubwa iliyojaza sehemu kubwa ya nafasi ya ndani. Kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotumia mwanga kutengeneza chakula, hazikuwepo, na hilo halikunishangaza: magamba ya kitunguu hukua yamefichwa mbali na mwanga. Lakini mimi nilitaka kuona kromosomu, nyuzi za kurithisha zinazoonekana wazi seli inapogawanyika, na jioni baada ya jioni niliangalia slaidi hizo bila kuona hata moja.

Hadi leo ushauri ule unaniudhi, kwa sababu wanafunzi bado wanapewa. Seli za gamba zimeshakomaa. Kazi yake ni kutunza maji na chakula, na zimeacha kugawanyika. Mmea haukui kila mahali kwa wakati mmoja kama mtoto wa mnyama anavyokua. Una maeneo maalumu ya kuzalisha seli mpya, yaitwayo meristemu. Kwenye mzizi, eneo hilo liko nyuma tu ya kofia inayolinda ncha, katika milimita moja au mbili za mwanzo. Juu ya hapo seli hazigawanyiki tena kwa wingi. Hunywa maji na kurefuka, na huko kurefuka ndiko kunakosukuma ncha ya mzizi udongoni.

Kwa hiyo nilikiweka kitunguu kitako chake kikigusa maji, nikangoja mizizi. Hapo nikapewa ushauri mwingine mbaya: kata kipande kirefu ili usikose. Usikate kirefu! Ukikata kirefu, slaidi inajaa seli ndefu zisizogawanyika, na zile chache unazozitafuta zinapotea katikati yake. Kata ncha tu, ile inayoonekana nyeupe zaidi na isiyo na vinyweleo.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni ukuta wa seli. Seli za mmea zimegandamana kwa pektini, ambayo ni kama gundi, na ncha ya mzizi ina tabaka nyingi za seli. Ukiiweka nzima chini ya hadubini unaona bonge jeusi tu. Niliambiwa nibonyeze kwa nguvu. Vioo vya kufunikia vikavunjika, na pale ambapo havikuvunjika viliteleza, seli zikasokotana na kuchanika hata usijue kipi ni kiini na kipi ni takataka. Nguvu haisaidii kitu mpaka ile gundi iwe imelegea. Inayoilegeza ni asidi ya hidrokloriki ya mola moja, ikiwa na joto la nyuzi 60 za Selsiasi, kwa dakika chache. Vaa miwani ya kinga, na suuza ncha vizuri kwa maji kabla ya kuipaka rangi. Mimi nilitumia aseto-orsini, ambayo huzipa kromosomu wekundu wa zambarau.

Halafu ndipo pana ufundi ninaojivunia. Baada ya kuweka kioo cha kufunikia, nilikigongagonga polepole kwa kitako cha penseli, wima kabisa, nikitazama ile ncha ikitawanyika na kuwa wingu jepesi. Kisha nilikunja karatasi ya kunyonya maji juu yake na kubonyeza kwa dole gumba moja kwa moja kwenda chini, bila kusokota hata kidogo. Seli zikalala tabaka moja. Siku ile nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Kabla ya hayo yote ncha zilikuwa zimelowekwa kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu tatu na asidi ya asetiki kali sehemu moja. Mchanganyiko huo huziua seli papo hapo na kuzigandisha zilivyokuwa. Kwa hiyo huoni seli moja ikipita hatua zote. Unaona nyingi, kila moja imekamatwa mahali pake, na kazi ya kupanga nani ametangulia na nani amefuata ni yako. Walther Flemming, aliyeupa mgawanyiko huu wa seli jina la mitosisi mwaka 1882, alichunguza sana seli za salamanda zilizopakwa rangi, na Eduard Strasburger alifanya kazi kama hiyo kwenye mimea.

Seli nyingi zilikuwa kwenye interfasi, kipindi cha kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, kiini kikiwa duara tulivu. Usizidharau, maana DNA hunakiliwa katika kipindi hicho. Zilizofuata kwa wingi ni za profasi, hatua ya kwanza ya mgawanyiko, nyuzi zikianza kunenepa. Anafasi, hatua ambayo kromosomu hutenganishwa, ni chache kwa sababu hupita haraka, lakini nilipoipata moja safi nilikaa nayo muda mrefu: kromosomu 16 zikivutwa upande huu na 16 upande ule, mikono yake ikiburuta nyuma.

Telofasi, hatua ya mwisho, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Seli ya mnyama hujibana kutoka nje hadi ikakatika. Ya mmea haiwezi, kwa kuwa ukuta wake haupindiki hivyo. Badala yake vifuko vidogo kutoka vifaa vya Golgi, sehemu za seli zinazofungasha vitu, hukusanyika katikati na kuungana kuwa bamba, na bamba hilo hutanuka kuelekea pembeni mpaka likutane na ukuta wa zamani. Kwenye slaidi yangu lilionekana kama mstari hafifu kati ya viini viwili vichanga, bado halijafika ukingoni. Ili kuuona mstari huo, punguza mwanga wa hadubini. Wengi huuongeza, na mwanga mwingi huufuta kabisa.

Ukitaka kuhesabu kromosomu bila kuumiza macho, jaribu mizizi ya Vicia faba, aina ya maharagwe, ambayo ina 12 tu, tena kubwa. Na ukipata slaidi nzuri, ziba kingo za kioo kwa rangi ya kucha siku hiyohiyo, kabla haijakauka.