Seva inatoa watu nje kisa leseni, na msimu ndo umeanza

Msimu wa korosho ukifunguliwa tu simu zinaanza, na safari hii ya kwanza imetoka kwenye ghala moja hapa Mtwara mjini, makarani wao wa Masasi na Newala huwa wanaingia kwenye seva kwa rimoti desktopu (kutumia kompyuta ya mbali kupitia mtandao) kuandika mizigo, asubuhi hiyo wote wamekataliwa, skrini inasema hakuna seva ya leseni ya kuwapa leseni, yaani kibali cha kuingia kwa rimoti. Mhasibu akaniambia, "Fundi, jana tumefanya kazi mpaka jioni na hatujagusa kitu." Na kweli hawakugusa kitu, mama wa watu.

Iko hivi. Windows Server ukiiacha ilivyo inaruhusu watu 2 tu kwa wakati mmoja, tena kwa kazi za admin. Ukitaka wengi waingie unaweka roli ya Session Host, yaani kazi ya seva ya kupokea watu wengi kwa rimoti, na hapo unapewa siku 120 kabla haijaanza kudai leseni. Sasa huku kwetu seva nyingi zinafungwa mwezi wa 6, korosho bado na watu wana nafasi. Hesabu mwenyewe: siku 120 toka katikati ya mwezi wa 6 zinakatika katikati ya mwezi wa 10, minada ndo inachangamka na malori yamepanga foleni getini. Karani hawezi kujua, onyo linamtokea admin.

Ikikukuta, ingia kwa amri ya mstsc /admin (mstsc ndo programu ya rimoti desktopu), njia hiyo haiombi leseni. Afu kwenye seva fungua lsdiag.msc, programu ya kukagua leseni, yenyewe inakwambia shida iko wapi. Pale ghalani leseni zilinunuliwa zamani na zimeshawekwa kwenye seva hiyohiyo, ila Session Host haijaambiwa seva ya leseni ni ipi wala leseni ni za aina gani. Watu wengi wanadhani ukishaingiza leseni imeisha, hapana, lazima uende gpedit.msc, panapowekwa sera za Windows, kwenye sehemu ya leseni ya Session Host, ujaze vyote viwili, jina la seva na aina, halafu urestart.

Hapo kwenye aina ndo naomba mtulie. Kuna leseni ya kwa mtumiaji na ya kwa kifaa. Ofisi zetu nyingi hazina domeni (seva moja inayosimamia watumiaji na kompyuta zote), kompyuta ziko kwenye wekigrupu tu, kila moja inajitegemea, na huko leseni ya kwa mtumiaji haifai, Windows Server 2019 inamkata mtu baada ya dakika 60, karani yuko katikati ya kuandika mzigo wa mkulima sesheni inakufa. Chukueni ya kwa kifaa, na muuzaji aambiwe mapema kuwa hamna domeni. Mwaka nao muangalie, leseni za 2016 hazifanyi kazi kwenye Session Host ya 2019.

Kuna vijana wanafuta ki ya GracePeriod, inayohesabu muda huo, kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ili siku 120 zianze upya, wanachukua hela wanaondoka. Mimi sifanyi na nawaomba msifanye, maana mteja anabaki anaendesha kazi bila leseni na mwezi wa 2 anafungiwa tena, wala hakuambiwa. Kitu pekee kinachonifanya niiguse ni pale leseni zipo, zimejazwa sawasawa na bado seva imeng'ang'ania kuwa muda umeisha, hiyo inatokea, na hata hapo nafanya bakapu ya rejista kwanza.

Ghalani wote wakaingia isipokuwa laptopu moja ya Newala. Hiyo shida ilikuwa upande wake, ilikuwa imetunza leseni mbovu, nikamwelekeza karani kwa simu afute ki ya MSLicensing kwenye rejista ya laptopu yake, afu afungue mstsc kama admin mara moja ili ichukue leseni mpya, akaingia palepale akaendelea na mizigo yake.