Kutoka Grosari za Reli ya Kati hadi Kilabu cha Tabora

Nilipopanda treni Kigoma kwenda Tabora nilikuwa na swali ambalo nilitaka kulichunguza njiani: kwa nini nyumba isiyouza hata kilo moja ya sukari huitwa grosari? Reli ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hupita Uvinza penye chumvi, kisha Nguruka na Kaliua, na grosari si kitu adimu katika miji hiyo: friji moja, kreti za bia zilizoegemezwa ukutani, viti vya plastiki barazani.

Neno hilo tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata katika Kifaransa cha kale, lilikomtaja mfanyabiashara wa jumla kabla ya kuhamia kwa muuza vyakula. Wengi hudhani kwamba ni sisi tulioligeuza kuwa la pombe, lakini Marekani ya karne ya 19 ilikuwa imeshafanya hivyo. Mwaka 1858, katika mdahalo uliofanyika Ottawa, Illinois, mwanasiasa Stephen Douglas alidai kwamba mpinzani wake, Abraham Lincoln, aliwahi kuendesha grosari. Hakumaanisha duka la unga, na Lincoln alikanusha.

Mzee wa Kinyamwezi niliyekaa naye behewa moja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alinisikiliza kisha akasema: “Mwanangu, grosari ni ya bia za chupa. Wanzuki utaikuta kilabuni.”

Tabora niliifuata hiyo wanzuki, pombe ya asali ambayo jina lake limebeba nzuki, yaani nyuki. Mama muuzaji aliketi katikati ya wateja akichota kwenye ndoo kwa kikombe cha plastiki, povu likimwagika vidoleni mwake, na kila aliyeingia alisogezewa nafasi kwenye benchi. Hapakuwa na kaunta, ile meza ndefu ya kumtenga muuzaji na mnywaji ambayo ndiyo iliyoipa baa jina lake. Kilabu nacho ni neno la Kiingereza, ila ulimi wetu uliingiza irabu kati ya k na l, silabi ya kwanza ikasikika kama kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vilabu, kama ilivyotokea kwa kitabu kilichotoka Kiarabuni. Maana yake ya watu waliojumuika, hata hivyo, niliikuta nzima pale kwenye benchi.