Babu yetu, Afande

Mwezi uliopita tumemzika babu mzaa mama, kijijini kwetu nje kidogo ya Songea. Alikuwa ameshavuka miaka themanini na tano na mpaka mwaka jana bado alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri anafagia uwanja mwenyewe, ukimwambia babu kaa nifagie mimi anakujibu "rudi kalale, bado zamu yako". Kijiji kizima kilimwita Afande. Hata padri kwenye misa ya mazishi alilitaja jina lake la ubatizo mara moja tu, kuanzia hapo ikawa Afande mpaka tunafika makaburini.

Aliingia jeshini kupitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, miaka ya sitini, JWTZ yenyewe, jeshi la wananchi wa Tanzania, ikiwa bado changa maana iliundwa Septemba 1964 baada ya yale maasi ya wanajeshi ya Januari. Huko katikati kuna miaka mingi ya makambi na uhamisho ambayo sisi hatuijui sana, tunachokijua vizuri ni kuanzia 1978 kwasababu ndo mwaka mama yangu aliozaliwa, na kwa bibi kila kitu kinahesabiwa kuanzia hapo.

Babu alikuwa likizo. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, siku chache baadae daraja la Kyaka likavunjwa, na bibi anasema walijazana kwa jirani mwenye redio kumsikiliza Mwalimu Nyerere, ile hotuba ya uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, watu wanashangilia, yeye bibi amembeba mama mgongoni anamtafuta mumewe kwa macho hamuoni. Kurudi nyumbani kamkuta anafunga begi.

Sisi wajukuu siku zote tulitaka habari za vita. Saba saba, yale makombora, zinavounguruma, mapigano ya Lukaya kwenye kinamasi, kuingia Kampala Aprili 1979. Alikuwa anasimulia ila kwa ufupi mno, anasema tulitembea. Tulitembea sana mwanangu, mvua ya masika inanyesha, buti zinaozea miguuni. Alafu anageuza anakuuliza hesabu umepata ngapi.

Habari aliyoipenda kuirudia ilikuwa ya siku aliyorudi. Mama alikuwa anatembea tayari, akamuona mwanaume mrefu wa magwanda anaingia uani, akapiga kelele akakimbilia jikoni. Babu hakumfata. Alikaa chini ya mwembe siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa, anamenya miwa anaweka vipande kwenye sahani pembeni yake bila kumuita, mpaka mtoto akaja mwenyewe akachukua kimoja akakimbia, akarudi kuchukua kingine. Hii alisimulia kwenye kipaimara cha mama, kwenye harusi ya mama, na kila mjukuu alipozaliwa, na kila mara sauti ilikuwa inamkwama palepale kwenye kipande cha pili.

Sasa kuna mjomba wetu mkubwa. Nimekua najua ni kaka yake mama, mtoto wa kwanza wa babu, basi. Nikiwa sekondari ndo nikamsikia anaongea na simu kwa lugha ambayo kwetu hakuna anayeijua, nikamuuliza mama, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba mjomba ni Mnyaturu wa Singida, baba yake alikuwa kikosi kimoja na babu na hakurudi kutoka Uganda. Babu alivomaliza vita alipanda basi akaenda kuwatafuta nyumbani kwao akawakuta, mama mtu mgonjwa, mtoto hajaanza shule, akaomba akae nae kidogo. Mtoto akaja Songea na hajaondoka tena mpaka alivooa.

Na jamani tuelewane hiyo ilikuwa miaka gani. Miaka ya mwanzo ya themanini, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, watu wanakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na bibi ana watoto wake wadogo wanne. Bibi hafichi, anasema alikasirika, aliuliza huyu atakula nini. Babu hakubishana nae, aliacha sigara siku hiyohiyo. Alikuwa mvutaji haswa.

Baada ya mazishi tulifungua sanduku lake la bati tukakuta kaunta buku, imepigwa mistari kwa peni nyekundu, majina ya watoto upande wa kushoto, alafu ada, sare, madaftari, viatu. Jina la mjomba liko la kwanza kila ukurasa, kwasababu ndo mkubwa. Pembeni kila mwezi ameandika "sigara" na mbele yake sifuri, miaka kadhaa mfululizo, sifuri sifuri sifuri, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande. Mjomba ni mtu mzima ana wajukuu, alivoona ule ukurasa ilibidi atoke nje.

Mimi kusema kweli namheshimu babu kwa Kampala, nampenda kwa zile sifuri.

Bibi yupo, amechoka ila anakula vizuri, yuko na shangazi kwa sasa. Arobaini tutafanyia hukohuko kijijini. Na mjomba anataka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, twende Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita ya Kagera, maana babu alimwambia baba yake amelala pale na mjomba mwenyewe ndo hajawahi kufika. Kutoka Songea mpaka Kagera ni nchi nzima unaikata, nauli tumeanza kuchanga. Pale ni eneo la jeshi, kwahiyo kama kuna mtu alishawahi kwenda na familia naomba anielekeze utaratibu wa kuomba ruhusa, na kama kutokea Bukoba ni rahisi kuliko kushukia Muleba mjini, mjomba wetu miguu yake saivi sio ya kutembea sana.